Umeambiwa ununue turbo? Chungulia kwanza briza, bomba la injini kupumulia, na filta ya hewa (uzi mrefu kidogo)

Kichwa na Tela (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimekuja na kilio. Aina ya gari sitaji kwa makusudi. Nikitaja tu, uzi utageuka Simba na Yanga, watu wabishane kichwa kipi bora na lililonileta lisahaulike.

Nina kichwa kimoja na tela, kinapiga Dar na Lubumbashi. Mwaka jana gari ilikwama kule karibu wiki tano, imezimwa uwanjani, ikisubiri mzigo wa kurudi. Siku ya kuondoka iliwaka bila shida. Ilipofika Mpika, Zambia, dereva akanipigia: "Tajiri, nyuma natoa moshi wa bluu na oili imepungua lita tatu." Nikamwambia ajikongoje hadi Tunduma.

Tunduma fundi akafungua mpira wa kuingizia hewa, akaona oili imejaa, akasema turbo, ile feni ya kushindilia hewa kwenye injini, imekufa. Sikubisha, maana oili niliiona kwenye picha aliyonitumia. Turbo ya mtumba, laki tisa, ikafungwa. Gari ilipokaribia Makambako, moshi ukarudi uleule. Ya pili nikaituma kwa basi kutoka Gerezani, Dar. Ikafungwa, moshi ukabaki, na safari hii sili ya nyuma ya kranki nayo ikaachia, oili ikamwagika kwenye klachi. Hapo nikaambiwa injini imechoka, ishushwe.

Nikapanda basi mwenyewe. Pale Makambako nikaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye hata gereji hana, ana boksi la spana chini ya mti. Hakugusa turbo. Aliuliza neno moja tu: "Briza yake inatokea wapi?" Mimi na dereva tukatazamana. Akaingia chini na waya, akafuata lile bomba linaloshuka kutoka kwenye kava la tapeti, akachokoa. Kikadondoka kidonge cha udongo mkavu. Nyigu! Wale wa kujenga vijumba vya matope ukutani walikuwa wamejenga ndani ya bomba gari ilipokuwa imelala. Juu ya udongo ule kulikuwa na uji mzito rangi ya maziwa, umeshikana hadi juu.

Akasafisha bomba, akabadilisha sili, gari ikawashwa. Moshi ulitoka kama nusu saa hivi, oili iliyobaki kwenye ekzosi ikaungua, ukakatika. Hadi leo sijaongeza oili katikati ya safari. Turbo ya kwanza ninayo stoo. Mzee aliichezesha shafti kwa vidole akasema nzima kabisa.

Kwa hiyo nimelipia turbo mbili, usafiri na wiki nzima ya gari kusimama kwa sababu ya nyumba ya mdudu. Wenye ujuzi mtueleze vizuri, inakuwaje briza iziue turbo tatu ambazo hazijafa?

---

Chuma Chakavu

Mkuu pole, lakini chai hii haina sukari. Turbo ikitema oili ni sili zake zimekwisha, hakuna hadithi nyingine. Labda ulibahatika turbo ya tatu ikawa nzima, mzee akapata sifa.

---

Spana Kumi na Saba

Chuma Chakavu, baada ya zile mbili alizonunua hakuna turbo nyingine iliyofungwa. Rudia kusoma.

Nimekaa kwenye injini za malori miaka mingi, na kosa hili nimelifanya mwenyewe nilipokuwa kijana, kwa hiyo siwacheki mafundi wa Tunduma. Niwaeleze taratibu.

Pistoni ikishuka kwa nguvu ya moto, ringi hazizibi kwa asilimia mia. Kuna gesi kidogo inayopenya pembeni na kwenda chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hata injini mpya kabisa hupenyeza. Gesi hiyo lazima itoke, na njia yake ndiyo briza. Inatoka ikiwa na mvuke wa oili na mvuke wa maji. Usiku wa baridi, Makambako au Njombe kwa mfano, mvuke ule wa maji unageuka matone ndani ya bomba, yanachanganyika na oili, ndio huo uji wa maziwa. Dereva akiacha injini ikinguruma usiku kucha ili alale vizuri, uji unaongezeka kwa sababu injini haipati joto la kutosha kuyakausha.

Sasa turbo. Oili inaingia juu kwa bomba jembamba, kwa presha ya pampu. Inatoka chini kwa bomba nene, na huku hakuna pampu: inateremka yenyewe tu kwenda sampu, kama maji ya bati. Ndiyo maana bomba la kurudi ni nene. Briza ikiziba, sampu inajaa presha. Oili inataka kushuka, presha inaisukuma irudi. Inajaa tumboni mwa turbo.

Na zile tunazoziita sili za turbo, si mpira kama sili ya kranki. Ni ringi nyembamba za chuma, ndugu wa ringi za pistoni. Shafti inaweza kuzunguka zaidi ya mara 80,000 kwa dakika, mpira gani utavumilia? Ringi hizo hazikuwekwa kuzuia oili iliyofurika, zinategemea oili iwe inateremka. Tumbo likijaa, oili inapita pande zote mbili: upande wa hewa inaingia kwenye intakula (kipozea hewa), upande wa ekzosi inaungua, unapata bluu. Ukifunga turbo mpya kabisa ya kwenye boksi, nayo itatema hivyohivyo.

Upande wa hewa una mtego wake. Filta ikijaa vumbi, turbo inaendelea kunyonya. Mdomoni mwake panakuwa na mvuto mkali, na mvuto huo unaifyonza oili kutoka tumboni. Utaona oili kwenye mpira, utasema turbo. Kumbe ni filta.

Kwa hiyo mimi sinunui turbo ya mtu kabla sijafanya mambo matatu: kupuliza briza, kuvua filta, na kuangalia bomba la kurudishia oili kama halijapinda au kuziba kwa masizi. Baada ya hapo ndipo nashika shafti.

---

Mwana wa Kitonga

Spana 17 umemaliza. Niongeze la kwetu madereva. Kuna bohari moja ya mafuta, siitaji, ukiingia na gari inayodondosha oili hata tone wanakurudisha getini. Briza yangu ilikuwa inadondosha kidogo. Tandiboi wangu akaona aniokoe, akachomeka kitambaa kwenye bomba. Tukapita getini vizuri sana. Mimi sikujua.

Tulipoanza kupanda milima tukasikia "pa!" Dipstiki, kijiti cha kupimia oili, imeruka kutoka kwenye tundu lake, injini yote imeoga oili. Tulishukuru tu haikumwagika sana kwenye ekzosi ikashika moto. Kijana yule hadi leo tunamwita Kitambaa.

---

Mama Kanta

Hamjambo nyote. Mimi naandika kutoka Narok, Kenya. Kaka mwenye uzi, pole kwa hasara. Nina Canter mbili za kubeba ngano na viazi, na hapa msimu wa kiangazi vumbi ni kama unga. Dereva wangu ana tabia ya kutoa filta kila jioni na kuigongesha kwa tairi, ati anaisafisha. Nikimwambia aache ananiambia mama, wewe hujui gari. Ni kweli sijui, lakini nimebadilisha ringi na laina (kuta za silinda) kwa gari moja ikiwa haijamaliza miaka miwili tangu ifanyiwe injini. Mko na maoni gani?

---

Spana Kumi na Saba

Mama, unajua gari kuliko yeye. Mwambie hivyo, na umwambie ni fundi amesema.

Akiigongesha kwa tairi anafanya mabaya mawili. Karatasi inachanika pale ilipogundishwa kwenye kifuniko, ufa mwembamba usioonekana. Pia lile duara la mpira linaloziba kati ya filta na kopo linapinda. Kuanzia hapo hewa haipiti kwenye karatasi tena, inapita pembeni na vumbi lake.

Na vumbi hilo ni mchanga, ndiyo msasa wenyewe. Piga hesabu: injini ya lita 12 kwenye mizunguko 1,800. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni lita 12 mara 900, lita 10,800 kwa dakika. Turbo ikishindilia maradufu, unazidi lita 20,000. Hayo ni masimtanki manne ya lita 5,000 kila dakika. Canter yako ni ndogo kwa hiyo ni chini ya hapo, lakini umeona picha. Ufa wa unene wa kucha ukipitisha hewa hiyo kwa msimu mzima wa ngano, laina zitaliwa tu.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliamini. Filta yenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko mpya. Vumbi la kwanza linaziba vitundu vikubwa vya karatasi, linakuwa chujio juu ya chujio. Kwa hiyo kuivua kila jioni ni kujitafutia hasara, na kila ukifungua kopo kuna vumbi linaangukia upande safi.

Fuata kiashirio kile kidogo kwenye kopo au kwenye bomba, kikifika nyekundu ndipo ubadilishe. Kwa injini nyingi za turbo kikomo kiko karibu na kilopaskali 6, yaani safu ya maji ya sentimita 60 na kitu. Kama hakipo au kimekufa, weka kipya. Bei yake haifiki robo ya kazi ya ringi.

Ikilazimu kupuliza kwa sababu uko porini, puliza kutoka ndani kwenda nje, upepo usizidi baa 2, na usiibandike bomba kwenye karatasi. Wengi wanachukua upepo wa tanki za breki moja kwa moja. Ule ni baa 8 na zaidi, unatoboa karatasi na hutaona. Ukimaliza tumbukiza taa ndani gizani uzungushe filta taratibu. Ukiona nukta ya mwanga, tupa. Ile filta ndogo ya ndani kabisa usiipulize hata siku moja. Kama imekuwa na vumbi, maana yake ya nje imeshindwa kazi.

---

Mama Kanta

Asante fundi. Nimeenda saa hii na tochi. Nimefuta ndani ya ule mpira wa kuenda kwa injini na kitambaa cheupe, kimetoka na rangi ya mchanga. Na chini ya kopo kuna shimo wazi, sijui ni la nini.

---

Spana Kumi na Saba

Hapo ndipo penyewe. Upande ule ulipaswa kuwa safi kama sahani ya kulia. Angalia mpira wote kwa vidole, hasa chini usikoona, ukunje kidogo utafute nyufa. Angalia na klampu zote. Mara nyingi mtu anabadilisha filta tatu kumbe mpira umepasuka nyuma ya filta.

Shimo la chini lilikuwa na mdomo wa mpira, uko kama mdomo wa bata. Hewa ikizunguka kwenye kopo vumbi zito linashuka pale, na mdomo unalitema wenyewe. Dereva anatakiwa aubonye kwa vidole kila asubuhi. Ukipotea, usizibe kwa tambara wala usiache wazi. Nunua mwingine, ni wa bei ya soda chache.

---

Kichwa na Tela

Mimi huo mdomo wa bata nilijua ni kifuniko kilichoharibika. Nimeukata mwenyewe mwaka juzi. Jamani.

---

Baridi ya Minnesota

Wazee, nawasoma nikiwa Minnesota, naendesha lori huku. Msidhani Wamarekani wamepona. Hadi 2006 injini nzito za dizeli zenye turbo ziliruhusiwa kupumulia nje kwa bomba kama hilo la mwenye uzi. Kuanzia modeli za 2007 mamlaka ya mazingira, EPA, ikaufuta msamaha huo. Gesi ya briza ikabidi irudishwe kwenye hewa inayoingia, au ihesabiwe pamoja na moshi wa ekzosi. Ndipo zikaja briza zenye filta, na nyingine zenye visahani vinavyozunguka kwa kasi kuitenganisha oili na gesi.

Shida ni kwamba filta hiyo imejificha na watu hawajui kuwa ipo. Kwa mfano pikapu za Ram zenye Cummins ya lita 6.7 filta ya briza iko juu ya kava la tapeti, na kitabu kinasema ibadilishwe kila maili 67,500, karibu kilomita 108,600. Wanaonunua vile vichwa vya pua ndefu vilivyotumika, ulizeni briza yake ni ya aina gani kabla ya kulipa.

Na huku tuna nyigu wetu: barafu. Joto likishuka nyuzi 25 chini ya sifuri, maji kwenye ncha ya bomba yanaganda jiwe, na mambo yanakuwa yaleyale ya sili kuachia. Wenye gari za zamani wanafupisha bomba au wanatoboa kitundu juu kidogo, ili ncha ikiganda pawe na mlango mwingine.

---

Chuma Chakavu

Sawa, nimekubali yaishe. Lakini sasa swali la maana: kama briza inachafua intakula, kwa nini nisikate tu ule mpira unaorudi kwenye hewa, niuelekeze chini? Nimeona watu wanafanya.

---

Spana Kumi na Saba

Wanafanya, na kwa injini zilizoundwa kupumulia ndani mimi siwashauri. Nyingine zina vali ya kusawazisha mvuto, nyingine zina sensa ya presha ya sampu, ukikata unaanza kufukuzana na taa za dashibodi. Pia ule mpira ukiuacha wazi upande wa turbo bila kuziba vizuri, umeifungulia vumbi mlango baada ya filta. Kosa hilo nimelikuta mara nyingi kuliko yote.

Kama oili ni nyingi mno, tafuta inakotoka. Pengine umejaza oili kupita alama, kranki inaipiga kama mwiko kwenye uji. Pengine kitenganishi cha oili na gesi kimekufa.

Kwa zile za bomba la chini: lisiwe na bonde katikati ambako maji yatakaa, ncha ikatwe mshazari, isielekee ekzosi. Gari ikilala zaidi ya wiki, funika ncha kwa kipande cha wavu. Nimesema wavu, Kitambaa asinisikie.

---

Mwana wa Kitonga

😂😂 Salamu zitamfika.

Ila wakuu, msilichukulie poa suala la oili kujaa kwenye intakula. Dizeli haihitaji plagi, ikipata oili ya kutosha kwenye hewa inaifanya ndiyo mafuta. Nilishuhudia gari ya mwenzangu Mikumi. Ipo sailensa (inanguruma tu bila kukanyagiwa mafuta), mara ikaanza kupanda yenyewe, inalia kama ndege. Akazima swichi, wapi. Akachomoa funguo, inapanda tu. Moshi mweupe hatuonani. Watu wakakimbia. Dereva mmoja mzee akarukia ndani, akakanyaga breki na kuvuta ya mkono, akaweka gia kubwa kabisa, akaachia klachi. Gari ikatetemeka, ikazima. Injini ilipona, klachi haikupona.

Ukiwa huna gia ya kuiua, ziba hewa kwa ubao au kitu kigumu mdomoni mwa bomba la kuvutia. Mkono usithubutu, wala kitambaa, kinanyonywa.

---

Mgeni Jukwaani

Wakuu nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Gari yangu nayo inapumua sana, ukifungua kifuniko cha oili kinacheza na moshi unatoka kwa mapigo. Fundi anasema ringi, nishushe injini. Kuna namna ya kuhakikisha kabla sijauza mbuzi?

---

Spana Kumi na Saba

Karibu. Mbuzi waache kwanza.

Kifuniko kinachocheza si ushahidi wa kutosha, hata injini nzima hukichezesha kidogo, na briza ikiziba kitaruka. Kwa hiyo vua bomba la briza kabisa, safisha, kisha ujaribu upya.

Halafu nenda kwa fundi mwashi, azima ule mpira mwangavu wa kupimia levo. Ncha moja ichomeke kwenye tundu la dipstiki, uzibe pembeni kwa tambara na utepe wa gundi. Mpira uukunje mfano wa U, tia maji kidogo. Injini iwe imeshapata moto. Ukiwasha, maji yatapanda upande mmoja. Pima tofauti kwa rula, sailensa na mizunguko ya juu, andika. Kikomo kipo kwenye kitabu cha injini yako, usichukue cha jirani.

Jambo la mwisho linalosahaulika: kompresa ya breki. Ringi zake zikilika, inapuliza upepo kwenye sampu kila inapojaza tanki, na utaapa ni injini. Pima tanki zikiwa zinajaza, pima tena zikishajaa na kompresa imekata.

---

Mgeni Jukwaani

Nimefanya asubuhi hii. Briza ilikuwa safi. Tanki zikijaza, maji yamepishana sentimita 14 sailensa. Zilipojaa ikapiga ile "pshh", maji yakashuka hadi 3. Nimerudia mara tatu, ni hivyohivyo.

---

Spana Kumi na Saba

Basi injini yako iache. Fungua kompresa ya breki, na kabla hujaifungua angalia bomba lake la kuvutia hewa limetoka wapi. Nina wasiwasi klampu imelegea nalo limekuwa likila vumbi.

---

Mgeni Jukwaani

Fundi, umeionaje ukiwa huko? Klampu haipo kabisa.